Juu ya Daftari, na Haki ya Atakayeuliza

Wahenga walituachia mithali isemayo ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye duka aijua, na kila mtunza fedha wa kanisa aijua zaidi. Walakini mithali hii yatufikisha nusu ya njia tu. Yatuambia tuwe na daftari; haituambii daftari lenyewe liandikwe namna gani, wala liwekwe wapi, wala nani ana haki ya kulifungua. Na tukitazama sana tutaona ya kuwa habari nyingi hazipotei kwa kukosa kuandikwa. Hupotea baada ya kuandikwa, ndani ya sanduku, mikononi mwa watu wema.

Basi katika makala hii twataka kuuliza swali moja, nalo ni hili: mtu aliyeandika habari za kazi yake na kuziweka, je, amekwisha kulipa deni lake? Au anadaiwa neno zaidi na yule atakayekuja kuuliza, ambaye yamkini hajazaliwa bado?

Mfano wetu tutauchukua mbali, katika kazi ya vyombo vinavyotumwa angani. Huenda msomaji wa Idodi akasema, Vyombo hivyo vina nini nasi, wenye shughuli za mpunga na mifugo? Tumeuchagua mfano huu kwa sababu. Mkulima akilima huliona shamba lake, na seremala huushika ubao wake. Bali aliyetuma chombo angani hakioni tena wala hakigusi. Anavyo vitu viwili tu: amri anazokipelekea kwa simu ya upepo, na habari ambazo chombo chamrudishia. Daftari la vitu hivyo viwili likipotea, kazi yote imepotea, kwa maana hakuna shamba la kwenda kulikagua. Kwa hiyo huko laonekana waziwazi jambo ambalo huku kwetu limefichika kidogo.

Kwanza tutenge maneno mawili. Amri ni neno tulilotaka litendeke. Tukio ni jambo lililotendeka. Watu wengi huyachanganya, nayo si mamoja. Tuseme mkuu wa mfereji ameamuru lango la juu lifunguliwe Jumanne alfajiri, ili maji yafike katika majaruba ya chini. Lango likafunguliwa, lakini takataka zilikuwa zimeziba mfereji njiani, maji yasifike hata adhuhuri. Mwandishi akiandika amri peke yake, mtu atakayesoma mwakani atasema, Watu wa chini walipewa maji yao, wananung'unikia nini? Akiandika tukio peke yake, yaani ya kwamba maji hayakufika, msomaji atamlaumu mlinzi wa lango, naye alitii. Kweli ya jambo lile haipatikani ila amri na tukio vikiwekwa kando kando, kila kimoja na saa yake.

Hivyo ndivyo ilivyo angani, wala si lazima twende hata Marekani ili kuona mfano. Mwaka wa 1962, tarehe 20 Februari, Mmarekani John Glenn aliizunguka dunia mara 3 ndani ya chombo kidogo. Vituo viliwekwa katika nchi nyingi ili kumsikiliza akipita juu yao, na kimoja kilikuwa Tunguu katika kisiwa cha Unguja. Kituo kile kiliondolewa mwaka wa 1964, baada ya Mapinduzi. Lakini maneno aliyosemezana Glenn na watu wa Unguja hayakuondoka pamoja na mitambo. Yalichapwa mwaka ule ule wa 1962 pamoja na maneno ya vituo vingine, kila kituo chini ya jina lake, na kila usemi umewekewa saa, dakika na sekunde yake. Mtu akitaka kujua leo ni neno gani lililosemwa alipopita juu ya pwani yetu, hana haja ya kubahatisha. Hufungua, hutafuta jina la kituo, husoma.

Mfano wa pili ni wa Kenya, nao wafundisha zaidi. Katika ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Waitalia walisimamisha jukwaa baharini liitwalo San Marco, la kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru wake, kilirushwa kutoka pale chombo cha Wamarekani, nacho kikaitwa kwa Kiswahili, Uhuru, kwa kuwashukuru wenyeji wa nchi. Chombo hiki kilikuwa cha kwanza ulimwenguni kufanywa kwa kazi moja tu ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo mbinguni. Mionzi hiyo haipenyi hewa yetu hata kufika chini. Atakaye kuiona hana budi kupeleka macho yake juu ya hewa.

Tufahamu jinsi chombo hiki kilivyofanya kazi. Kilikuwa kikijizungusha polepole, na vyombo vyake vya kupimia vikipita juu ya mbingu kama mtu azungushaye taa gizani. Vilihesabu mionzi iliyoingia. Wakuu wake waliokuwa duniani waliweza, kwa amri, kuugeuza mhimili wake ili kitazame upande mwingine. Basi mfikirie mtu aliyepewa hesabu zile tupu: hapa 10, hapa 12, hapa 90. Zina faida gani? Hazina faida hata kidogo, mpaka ajue kilikuwa kikitazama wapi saa ile, ni amri gani iliyokigeuza, na kama vyombo vya kupimia vilikuwa vizima. Ile 90 yaweza kuwa nyota ya ajabu, na yaweza kuwa hitilafu ya mtambo. Hesabu yenyewe haina ulimi wa kusema. Anayeisemea ni daftari la amri na matukio.

Kwa kuwa daftari lile lilitunzwa, mambo makuu yalipatikana. Katika kundi la nyota liitwalo Centaurus walikuta kitu ambacho mionzi yake huongezeka na kupungua kila baada ya sekunde 4.8 hivi, pasipo kukosa. Kama saa zingalikuwa zimeandikwa ovyo, pigo lile lingalipotea katika hesabu zile, kama sauti ya mtu mmoja ipoteavyo sokoni. Chombo kilinyamaza mwaka wa 1973. Lakini orodha ya nne ya nyota na vitu kilivyoviona, vyote 339, ilitolewa mwaka wa 1978, miaka 5 baada ya chombo kunyamaza. Na mkuu wa wataalamu wale, Riccardo Giacconi, alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2002 kwa kazi yake ya kufungua elimu hii ya mionzi. Hata leo habari za Uhuru zimo katika hazina ya NASA, shirika la anga la Marekani, na mwanafunzi wa po pote mwenye kompyuta na intaneti aweza kuziomba akapewa. Chombo chenyewe hakipo tena. Kilichobaki ni daftari, nalo lingali likijibu maswali.

Sasa na tuangalie mambo yanayotakiwa ili daftari liweze kumjibu mgeni. La kwanza ni saa. Amri ipelekwayo katika sayari ya Mars husafiri dakika 3 hivi dunia na Mars zikikaribiana, na dakika 22 hivi zikiwa mbali sana. Kwa hiyo amri moja ina saa tatu: saa iliyotumwa, saa iliyofika, na saa iliyotimizwa. Asiyesema ni saa gani aandikayo amempotosha msomaji wake, ijapokuwa hakusema uongo. Na sisi tuna tabu iyo hiyo nyumbani. Mtu akiandika katika kitabu cha zahanati, Mtoto alipewa dawa saa 2, ni saa 2 ya Kiswahili, asubuhi, au ni saa 2 ya Kizungu, mchana? Mwandishi ajua. Muuguzi wa zamu ya usiku hajui.

La pili ni kipimo. Mwaka wa 1999, tarehe 23 Septemba, Wamarekani walipotewa na chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipokuwa kikifika Mars. Watu wa upande mmoja walitoa hesabu za nguvu ya mitambo kwa kipimo cha Kiingereza, na watu wa upande wa pili wakazipokea kana kwamba ni kipimo cha metriki. Kila upande ulikuwa na watu hodari. Tarakimu zilifika, maana yake haikufika. Vivyo hivyo mtu akiandika, Mpunga 20, bila kusema ni debe au gunia, ameandika ugomvi wa watoto wake.

La tatu ni mpango. Watu wa NASA huko California walifanya utaratibu wa kupanga habari za vyombo katika mafungu matano, ukaitwa SPICE, kila herufi kwa fungu lake: chombo kilikuwa wapi; sayari na miezi yake ilikuwa wapi; vyombo vya kupimia vilifungwaje; chombo kilielekea upande gani; na la tano, matukio, yaani amri zilizopangwa, mambo yaliyotokea, na maelezo ya watazamaji wenyewe. Mafungu haya matano yakiwapo, hata mtu ambaye hakuwapo aweza kujiweka mahali pa aliyekuwapo. Walakini katika utaratibu huu fungu la tano halikutumiwa sana kama yale mengine. Jambo hili latupasa kulitafakari. Mtambo hujiandikia wenyewe mahali ulipo na upande uelekeako. Bali sababu ya mtu kuamuru hivi na si vile, na jambo aliloliona asilolitazamia, hayaandikwi na mtambo. Hayo yataka mtu aketi mwisho wa kazi, akiwa amechoka, aandike kwa ajili ya mtu asiyemjua. Hapo elimu ya hesabu imekwisha, na wajibu wa mtu kwa jirani yake umeanza.

Huenda mtu akasema, Mimi nimeweka. Atakayetaka na atafute. Mtu huyu twamjibu kwa jambo la Iringa yetu. Mtwa Mkwawa alikufa mwaka wa 1898, na kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliamuru fuvu lake lirudishwe. Ilipita miaka zaidi ya 30. Mwisho Gavana Twining alikwenda mwenyewe katika nyumba ya makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu mengi sana yamewekwa. Yalikuwa yamehifadhiwa, ndiyo. Lakini halikuwapo andiko la kuonyesha dhahiri ni lipi la Mkwawa. Ikawa kupima, na kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa zake walio hai, hata likachaguliwa moja, na mwaka wa 1954 likarudishwa kwa Wahehe, nalo li Kalenga hata leo. Wako wataalamu waliotia shaka juu ya uchaguzi ule. Sisi hatutaki kuingia katika shaka hiyo, kwa kuwa heshima ya wafu ni kubwa kuliko ubishi. Twasema neno moja tu: shaka hiyo haikuletwa na moto wala mchwa. Ililetwa na kukosa karatasi ndogo yenye jina. Aliyeliweka bila jina aliwaachia wengine nusu karne ya kutafuta, na hata walipopata hakuwaachia utulivu.

Basi kuweka si kuhifadhi. Aliyeweka ametimiza jambo lake na kitu. Aliyehifadhi ametimiza jambo lake na mtu atakayekitafuta.

Tena iko hatari ya wema na haja. Mwaka wa 1969 watu wawili walitembea juu ya mwezi, na picha zao zikapokewa katika vituo vya duniani na kuandikwa katika kanda za sumaku, zilizo safi kuliko picha zile watu walizoziona katika televisheni. Baada ya miaka kanda zile zikatafutwa. Mwaka wa 2009 NASA ikatangaza ya kwamba yaelekea zilifutwa, zikatumiwa tena kwa kazi nyingine, kwa kuwa kanda zilikuwa haba. Hapakuwa na adui wala mwizi. Palikuwa na mtu wa kazi aliyehitaji kanda leo, na mwingine aliyezihitaji baada ya miaka 40. Wa kwanza alikuwapo, wa pili hakuwapo kujisemea. Twamjua mtu wa kwanza. Ndiye mwalimu achanaye kurasa za daftari la mahudhurio la zamani kwa kukosa karatasi, na mama awashaye moto kwa barua za marehemu.

Kinyume chake twaweza kumtaja Nancy Evans, aliyefanya kazi NASA. Kanda za picha za mwezi zilizopigwa mwaka wa 1966 na 1967 na vyombo vilivyoitwa Lunar Orbiter zilikuwa katika hatari ya kutupwa. Alikataa zisitupwe. Tena alifahamu ya kuwa kanda pasipo mashine ya kuzisomea ni sawa na barua iliyoandikwa kwa lugha isiyo na msemaji. Akazitunza na mashine, kubwa na nzito, nyumbani kwake, miaka mingi. Mwaka wa 2008 wengine wakazifufua mashine zile, na picha ya dunia ikichomoza juu ya mwezi, iliyopigwa mwezi wa Agosti 1966, ikaonekana kwa uzuri ambao haukuwahi kuonekana. Mama huyu aliwatunzia watu ambao hakuwajua, kwa ajili ya swali ambalo halijaulizwa.

Sasa twafika penye jambo gumu, nalo ni kweli. Daftari la amri huonyesha pia amri mbaya. Mwaka wa 2023, mwezi wa Julai, wakuu wa chombo Voyager 2, kilichorushwa mwaka wa 1977, walikipelekea amri ambazo, bila wao kukusudia, ziligeuza uso wake kando ya dunia kwa digrii 2. Digrii 2 ni kidogo sana mkononi. Lakini chombo kilikuwa mbali hata neno la simu ya upepo likawa latumia saa zaidi ya 18 kukifikia, na sauti yake haikusikika tena. Walitangaza wazi ya kuwa sababu ni amri zao wenyewe. Wakajua ni amri zipi, za siku ipi, na zimekigeuza kiasi gani. Wakatuma amri nyingine kwa nguvu nyingi, wakangoja, na tarehe 4 Agosti chombo kikasikika tena. Mwaka wa 1982 haikuwa hivyo. Chombo Viking 1, kilichokuwa kimekaa juu ya Mars tangu mwaka wa 1976, kilipelekewa amri yenye kasoro, ikaharibu habari zilizokiongoza kuelekeza antena yake duniani, kisisikike tena kamwe. Nao waliandika hivyo hivyo. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa kweli huandikwa kwa sababu hulipa. Mara hulipa, mara hailipi. Huandikwa kwa sababu atakayekuja nyuma ana haki ya kujua shimo li wapi.

Hapa mtu mwenye akili atatupinga, akisema: Mkimwambia mtu aandike kosa lake, na kisha mkatumia maandishi hayo kumfukuza kazi, mtakuwa mmemfundisha kudanganya. Neno hili ni la haki, wala haliwezi kupuuzwa. Kitabu kinachofunguliwa siku ya adhabu tu, kila mtu atakiandikia uongo, na kosa la kweli litaandikwa moyoni tu, mahali pasipo msomaji. Kwa hiyo wajibu hauko kwa mwandishi peke yake. Mkubwa naye ana wajibu wake: asome daftari siku za amani pia, ashukuru aliyeandika kweli, atenge kosa la mtu aliyejaribu na hiana ya mtu aliyeficha. Mkubwa asiyefanya hivi asishangae vitabu vyake vikiwa safi na kazi yake ikiwa mbovu.

Limebaki neno la mwisho, la kufungua. Daftari ni la nani? Wako wasemao ni la mwenye kazi, na wako wasemao ni la watu wote. Tukitazama desturi ya vyombo vya angani twaona hekima moja ya kututengea jambo hili. Funguo ni mbili. Ufunguo wa kuamuru hulindwa sana, kwa maana mgeni mmoja akitia amri ya kipuzi aweza kukiua chombo. Bali ufunguo wa kusoma yaliyopita hutolewa. Kwa desturi wataalamu waliotaabika kubuni uchunguzi huachiwa muda wao, aghalabu mwaka mmoja au pungufu, ili wavune jasho lao. Kisha habari hufunguliwa kwa watu wote. Ugomvi mwingi wa vijijini watoka katika kuchanganya funguo hizi mbili. Mkuu wa mfereji aogopa ya kwamba akionyesha kitabu cha zamu, kila mtu atataka kuamuru maji. Sivyo. Amri ya maji ni yake. Habari ya maji ya jana ni ya kila mwenye jaruba. Lakini ziko habari ambazo kwa asili yake si za watu wote, kama ugonjwa wa mtu au neno alilomwambia padre au mchungaji wake kwa siri. Hizo hazimhusu ila mwenyewe, na kuzilinda ni haki vile vile.

Maandiko Matakatifu yanayo habari iliyo karibu sana na jambo hili, katika kitabu cha Ezra. Wayahudi waliorudi kutoka Babeli walikuwa wakijenga hekalu, na liwali Tatenai akawauliza, ni nani aliyewapa amri? Wakajibu ya kuwa ni mfalme Koreshi. Koreshi hakuwako tena, nao hawakuwa na nguvu yo yote mbele ya liwali. Ndipo mfalme Dario akaamuru itafutwe. Ikatafutwa Babeli, ikaonekana Akmetha katika Umedi: gombo moja, lenye mwaka wa kwanza wa Koreshi, na amri yenyewe, hata na vipimo vya nyumba. Tukumbuke mambo yaliyokutana pale. Mwandishi mmoja, ambaye jina lake halikutajwa, aliandika amri na mwaka wake na vipimo vyake. Mwingine aliiweka mahali pa kuonekana. Na mfalme aliye hai alikubali daftari lifunguliwe, ingawa lingeweza kumfunga yeye mwenyewe kwa neno la mwenziwe aliyekufa. Kama mmoja wa watatu hawa angalikosa, wazee wale wangaliitwa waongo, nao walisema kweli.

Basi jibu letu kwa swali la kwanza ni hili: aliyeandika na kuweka hajakwisha kulipa. Deni lake laisha siku mgeni atakapoweza kuja, pasipo kumwuliza yeye, akapata alitakalo, akalielewa, akaliamini. Kwa kuwa sisi sote tutaondoka, na hatutakuwapo kueleza, hatuna budi kuliachia daftari ulimi wetu.

Wala haihitaji mitambo ya NASA. Katibu wa chama cha maji, mzee wa kanisa, mwalimu wa zamu, mwenye duka, kila mmoja aweza kuanza na kitabu alicho nacho. Aandike kilichoamriwa, na kando yake kilichotokea. Aandike siku na saa, akisema ni asubuhi au usiku. Aandike kipimo kwa jina lake. Akikosea asifute, apige mstari mmoja, ili la kwanza lisomeke bado, aandike la pili juu yake. Mwanzo wa kitabu aweke orodha ya kuonyesha kila habari iko ukurasa gani. Na mahali kitabu kilipo pajulikane na watu wawili au zaidi, kwa maana kitu kijulikanacho na mmoja huzikwa pamoja naye. Akiisha fanya hayo, na ampe kitabu mtu mmoja asiyeijua kazi ile, amwulize swali moja la mwaka jana, anyamaze, amtazame akitafuta. Hapo atajua kama amehifadhi, au ameweka tu.